Taa ya Kabuta Iliwaka Saa Tatu

Mwape, mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unafua, ukaitika bila kuinua uso, kwa hiyo hapa naziruka. Ni saa nane mchana. Niko kwenye chumba cha foni, yaani cha redio, kwenye kiti kile chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na naandika mgongoni mwa karatasi za printa kwa sababu nyingine sina. Ukiona nimekata maneno katikati, ujue kuna mtu ameita kwenye redio. Hapa hakuna anayeandika barua akaachwa amalize.

Mambo ya sabuni, vidonge vya malaria, ndugu wa kufikia Kitwe na wanaume wenye maneno matamu, mama yako ameshakuambia, tena mara mbili. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Kesho lori litakaloanza kukupeleka chuoni Kitwe halitaenda Mansa moja kwa moja. Litapita kwanza Kabuta kupakia magunia ya chisense, dagaa wetu wa ziwani, na litasimama pale saa nzima, mbele ya meza ya mihogo ya mama mdogo wako Chola. Juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba hutashuka, utajifunika kitenge usoni mpaka liondoke. Mwaka mzima hujamsalimia. Nataka ujue ukweli kabla hujajifunika hicho kitenge, kwa maana mtu wa kukasirikiwa si yeye. Ni mimi.

Mengine unayajua. Nayaandika yote, kwa sababu nikianza kuruka nitaruka lile lenye uzito.

Kazi hii nilijifunza Lubumbashi kabla hujazaliwa, katika chumba cha mashine cha mgodi mmoja. Mashine ilikuwa kubwa kupita jikoni letu, na chakula chake kilikuwa kadi za karatasi zenye matundu. Kadi zilikuja kwa mstari. Ya kwanza haijaisha, ya pili haiguswi. Sikuwahi kuona kadi iliyopiga kelele kutoka nyuma ya mstari kwamba nyumba inaungua. Miaka sita niliishi hivyo nikaamini dunia yote iko hivyo. Wahenga nao waliniunga mkono: mshika mbili, moja humponyoka.

Nilipovuka ziwa na kumwoa mama yako, ujuzi huo haukuwa na soko. Nikawa fundi wa baiskeli na redio. Halafu patron, tajiri wetu, unayemjua kwa tumbo lake na boti zake nne, akanunua kompyuta iliyotumika, yenye kadi ya milango minane ya waya, na modemu za redio. Alitaka watu wake wa Puta, wa Kabuta na wa Kilwa ng'ambo ya ziwa waandike habari za samaki kwenye kibodi, zifike hapa Nchelenge, zichapwe kwenye karatasi. Maongezi ya sauti kwenye redio yalikuwa yamemchosha.

"Mu foni bantu banasalimiana saa muzima," alisema. "Batterie inakufa, na bei ya samaki bado hawaiseme. Minataka mashini. Mashini haisalimiaka."

Kipaza sauti kikachomolewa, modemu ikachomekwa mahali pake. Kila kituo kikawa na redio yake hapa mezani, na modemu yake, na taa yake ndogo ya kijani.

Programu niliandika mimi, kwa lugha ya C, nikifuata kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za mwisho. Ndani yake kulikuwa na amri ya kusoma, na amri hiyo ina tabia ambayo nataka uijue kuliko wenzako wote darasani. Ukiiambia isome mlango ambao hauna kitu, hairudi kukuambia kwamba hakuna kitu. Inalala hapo hapo mlangoni mpaka kitu kije, na programu nzima inalala nayo.

Basi ikabidi nichague mlango wa kwanza. Kwenye kibodi ya Puta alikaa babu yako, baba wa mama yako, mkwe wangu. Unajua wakati ule nilikuwa bado sijafanyiwa ukwingisha, ile sherehe ya mkwe kuingizwa nyumbani. Miaka kumi na saba ya ndoa, na bado sikuruhusiwa kuingia nyumba ya wakwe wala kusema nao nikiwa nimeinua kichwa, kwa sababu mimi ni mtu wa ng'ambo na wajomba wa mama yako hawakuwa na haraka. Nikaweka Puta mlango wa kwanza. Na kwa kuwa mkubwa hakatizwi maneno, nikaandika kwamba programu isiondoke Puta mpaka mzee mwenyewe aandike neno MWISHO kwenye mstari wake. Sikuweka muda wa kungoja. Nani anamwekea mkwe wake muda? Niliona nimeandika programu yenye adabu, na kwa miezi minne hakuna aliyelalamika.

Kilwa wanaita. Ngoja.

Ni mwanamke anayetafuta mume wake. Walipotezana vita ilipofika kwao, na amesikia wengine wamevukia upande wa Puta. Nimeandika jina. Narudi.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Wewe ulikuwa shule. Mama yako alikuwa Kabuta kwenye matanga, na mimba ya miezi saba. Chola ndiye aliyeshika kibodi ya Kabuta, kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote. Alikuwa akiifunika ile kibodi kwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

Asubuhi ile babu yako alikaa kututumia salamu, ingawa mashine ilinunuliwa ili salamu zikome. Aliandika kwa kidole kimoja. Alimsalimia patron, akamsalimia mke wa patron, akanisalimia mimi, akakusalimia wewe. Alipoandika jina la mama yako, watu wa kanisa wakamwita kwenye kikao. Akainuka akaenda. Hakuandika MWISHO kwa sababu hakuwa amemaliza, na kwa hilo simlaumu. Skrini yangu ikabaki imesimama kwenye jina la mama yako.

Saa tatu na dakika chache, taa ya modemu ya Kabuta ikawaka. Ikapepesa, ikazima.

Niliiona, Mwape. Nilikuwa nimekaa hapa nilipokaa sasa, na kifaa cha kulehemu mkononi, nikitengeneza redio ya mtu. Nilijua kuna maneno yameingia kwenye mashine. Nilijua pia programu imelala mlangoni kwa mzee. Ningeweza kuizima na kuiwasha upya, lakini hapo ningekuwa nimemkata mkwe wangu katikati ya salamu, na ningetakiwa kumweleza. Nikasema moyoni, zamu ya Kabuta itafika. Nikaendelea na redio ya mtu.

Chola alikuwa ameandika: DADA ANATOKA DAMU NYINGI TUMA GARI SASA. MWISHO. Modemu yangu ikaijibu ya kwake, zenyewe kwa zenyewe kama zilivyoundwa, na kwenye skrini yake likatokea jibu kwamba ujumbe umepokelewa. Kupokelewa na modemu si kusomwa na mtu, lakini hilo nilipaswa kumweleza mimi nilipomfundisha kazi, na sikumweleza. Jirani mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli aje kutuita. Chola akamzuia.

"Wacha," alimwambia. "Ilishafika. Gari iko njiani."

Gari lilikuwa chini ya dirisha langu. Dereva alikuwa analiosha, na niliusikia wimbo wake asubuhi nzima.

Saa tisa alasiri babu yako alirudi kutoka kikaoni, akakaa, akamaliza salamu zake, akaandika MWISHO. Printa ikaamka. Ikachapa salamu za Puta, ndefu, na chini yake mstari mmoja wa Kabuta. Nilikimbia mpaka chini na karatasi mkononi. Mama yako aliletwa hospitali akiwa hai. Mdogo wako hakufika hai. Alikuwa wa kiume, na masikio yake yalikuwa kama ya kwangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Sasa sikia habari ya karatasi, maana hapo ndipo ulipoanza kumchukia mama mdogo. Programu yangu ilichapa saa kando ya kila ujumbe, lakini ilikuwa saa ya kusomwa, haikuwa saa ya kufika. Kwa hiyo karatasi ilisema Kabuta wametuma saa tisa. Chola alikuja na daftari lake, ambamo alikuwa akiandika kila alichotuma. Saa tatu na dakika kumi, kwa kalamu ya bluu. Nani angeamini daftari la mwanamke mbele ya karatasi ya mashine? Pale makaburini ulisema kwa sauti, watu wakasikia.

"Mama mudogo alilala. Karatasi inasema. Mashini haidanganyaka."

Chola hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, fundi, akingoja niseme neno. Na mimi nikatazama koleo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa kufukuzwa kazi, hiyo ni kweli, lakini si yote. Nikimsafisha Chola ilinibidi niseme kwamba mjukuu wa mzee amekufa akingoja salamu za mzee ziishe. Nilijiambia ninalinda heshima yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda mimi nyuma ya mgongo wake, na aliyelipa ni binti yake mdogo. Chola aliacha kibodi wiki ile ile. Hakufukuzwa. Alikunja kile kitambaa chake akaenda kuuza mihogo barabarani. Patron akarudisha vipaza sauti kando ya modemu, na kelele za salamu zikarudi, na mimi nikaanza kuandika programu upya bila kumwambia mtu sababu.

Kwanza niliifanya ikimbie. Izunguke Puta, Kabuta, Kilwa, na tena Puta, ikiuliza una kitu, una kitu, bila kulala hata kidogo. Ilisikia wote, kweli, lakini mashine iliwaka moto kwa kuuliza, na mtu akiandika neno kwenye skrini alingoja herufi kama anangoja mgeni. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa hivyo hivyo, kama unakumbuka. Niliamka kila mara kuuliza mama yako kama anaumwa, kuuliza wewe kama umekula. Mkachoka na mimi.

Kisha nikapata, kwenye maelezo yaliyokuja na mfumo wenyewe, amri inayoitwa select. Unaijua, nilikufundisha. Unaipa orodha ya milango yote, unauambia mfumo: nakwenda kulala, niamshe yeyote akibisha, na kama hakuna anayebisha kwa muda huu, niamshe hivyo hivyo. Ni kitu kidogo. Nilipoisoma nilivua miwani nikalia, kwa sababu ilikuwa imo ndani ya mashine tangu siku tuliyoifungua kwenye boksi.

Nayo ilinisumbua. Sikujua kwamba ikikuamsha inafuta orodha uliyoipa na kukuachia majina ya waliobisha tu, kwa hiyo kila mzunguko lazima uandike majina yote upya. Siku mbili Puta na Kilwa walipotea kwa sababu hiyo. Sikujua pia kwamba anayebisha huenda ameleta nusu ya maneno. Unapokea hiyo nusu, unaiweka kwenye kikapu cha mwenyewe, unawaendea wengine, na nusu nyingine ikija unaiunga. Babu yako sasa anaweza kusalimia kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna anayekatizwa wala anayengojeshwa. Adabu niliyoitafuta ilikuwa hapo.

Siku nilipokuonyesha, ulikaa kwenye kisanduku kile cha soda, ukatazama, ukaniita kama huku wanavyoita baba, ukauliza, "Batata, na printa je? Nani anaiangalia?" Nikacheka, nikakuambia printa haisemi. Wiki hiyo hiyo karatasi ikaisha. Programu ikajaribu kuandika kwenye printa isiyo na karatasi, ikalala mlangoni pake, na vituo vyote vitatu vikanyamaza. Mimi nilikuwa nimechunga masikio, nikasahau mdomo nao hukwama. Ndipo nilipojua utanipita katika kazi hii. Tulirekebisha pamoja, na ulipomaliza ukasema, "Sasa hii programu yako haiache mutu." Nilijivuna, halafu nikasikia aibu mpaka nikatoka nje. Wewe ukafikiri nimeenda kuvuta sigara.

Kitwe utakuta mashine nzuri na walimu wenye vitabu vyenye kurasa zote. Watu watakuwa wakitetemeka habari za mwaka elfu mbili na mashine zitakazokufa. Usitetemeke nao sana. Mashine yangu haikuwa na ugonjwa wowote siku ile. Ilifanya kila nilichoiambia.

Ukiniuliza nimejifunza nini, nimejifunza vitu viwili, na vyote ni vya programu. Usimngoje mtu mmoja bila kuweka muda, hata akiwa mkubwa wako. Na saa unayoandika kando ya maneno ya mtu, hakikisha ni saa yake, si saa yako ya kumsikiliza. Kama vinafaa mahali pengine utaona mwenyewe.

Asubuhi, ulipokuwa kisimani, nilimwambia mama yako. Alikuwa anageuza chisense kwenye mkeka. Nilimweleza yote, taa, mzee, karatasi, makaburi. Hakuinua kichwa. Aligeuza mkeka mzima, samaki mmoja mmoja, na wale wameshakauka hawahitaji kugeuzwa.

"Mwaka muzima," alisema.

"Mwaka muzima," nikajibu.

"Mwape aambiwe mbele ya kuenda. Miye na weye tuko na siku mingi." Akageuza tena. Halafu akauliza, "Na Chola?"

 Nimekuja hapa saa nane, nikakaa, nikaanza barua hii ili nisifanye lile lingine, la kumwambia yeye. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mimi wa kwangu amekuja, amekua, na sasa anakaa na mimi mezani.

Ngoja.

Nimefanya, Mwape. Imepita nusu saa tangu mstari wa juu. Niliita Kabuta kwa sauti, nikaomba wamwite Chola kutoka kwenye meza yake. Kabla hajafika, niliita Puta pia nikaomba mzee akae asikilize kwenye masafa hayo hayo. Nilifikiri, makaburini watu walisikia, na hili nalo lisikike. Chola alipofika kwenye redio, nikasema. Nilisema taa ya Kabuta iliwaka saa tatu na mimi niliiona. Nilisema daftari lilikuwa kweli na karatasi ilikuwa uongo, na uongo huo niliuandika mimi. Nilisema mzee hana kosa, kwa maana hakujua mlango wake unafunga ya wengine. Na nilimwambia Chola nimemkosea na naomba anisamehe. Watu wa Kilwa nadhani walinisikia nao.

Babu yako alikuwa wa kwanza kujibu. Alikohoa. Akasema, "Nimesikia, mukwe. Chola, mwanangu, weye pia umesikia?"

 Nilitazama taa, nikatazama waya, nikagusa betri nikidhani imekufa. Nilisikia kwenye redio kuku wa mtu, na watoto, na upepo kwenye kipaza sauti, kwa hiyo nilijua Chola bado amebonyeza kitufe.

Halafu akasema, "Lori inafika saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Nikaachia kitufe. Sikumkatiza.

"Mwape," akasema, "anapenda mihogo ya kupika ao ya kuchoma? Miye nilishasahau."

Nilifungua mdomo nikamjibu kwamba sijui, akuulize wewe mwenyewe.

Baba yako